Utitiri kwenye Pilipili Zetu
Mbegu tulizitoa ndani ya pilipili mbuzi za sokoni hapa Leicester, tukazipanda kwenye makopo dirishani, juu ya hita. Kufika Januari majani yakawa na vidoa vya njano na utando mwembamba. Tukadhani ni kiu, tukazidi kumwagilia! Bibi wa mwenzetu, aliye Tanga, alipoona picha kwenye WhatsApp akacheka: "Huo ni utitiri, wajukuu zangu. Geuzeni jani mtazame."

Kweli, wadudu walijaa huko chini, wadogo kama chembe ya chumvi. Hupenda joto na hewa kavu, na hita yetu ndiyo iliyowakaribisha. Tukahamisha makopo, tukaosha majani bombani, tukanyunyizia maji yenye sabuni kidogo. Sabuni haiui mayai, hivyo tulirudia kila baada ya siku 4, kwa wiki 3.

Mche mmoja ulikufa. Mitatu imechanua, na bibi ameshaanza kudai achari yake.