Usikimbilie TV Kubwa: Vile Utajenga Sinema na Seva Yako Mwenyewe Hapo Kejani

Niambie kama hii si wewe. Mwisho wa mwezi umefika, mkwanja umeingia, na roho yako yote iko kwa ile TV ya inchi 55 uliicheki kwa dirisha la duka tao. Uko tayari kubeba. Buda, shika breki kidogo.

Ukiipeleka hiyo TV kwa bedsita, na sauti bado inatoka kwa zile spika zake mbili ndogo zinazoangalia chini, utakuwa na picha ya sinema na sauti ya redio ya soja wa geti. Hilo kosa mimi nimelifanya. Halafu nikafanya lingine baya zaidi, la diski, na hilo ndilo lilinifanya nikae chini nikajifunza hizi vitu vizuri. Tutafika huko.

Anza na masikio

Unajua ile kitu ya kushika rimoti muvi yote? Watu wakiongea unaongeza sauti, gari ikilipuka unapunguza haraka kabla jirani agonge ukuta. Si wewe uko na shida ya masikio. Muvi nyingi hutengenezwa kwa sauti ya 5.1: spika tatu mbele, mbili za kando, na wufa. Maongezi mengi yamewekwa kwa spika ya kati. TV yako haina spika ya kati, kwa hivyo inasonga kila kitu pamoja, na maneno yanazama ndani ya milipuko.

Sasa najua utasema, "Lakini niko na wufa." Wufa za mtaa ni poa kwa ngoma, sitabisha. Lakini geuza yako uiangalie mgongo. Ukipata tu matundu mawili ya kuingiza sauti, jekundu na jeupe, hiyo inapokea stereo tu halafu inazigawia spika zote sauti hiyo hiyo, hata kama boksi limeandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu.

Njia ya bei nafuu ni resiva ya mkono wa pili, zile za ex-UK, pamoja na spika zake. Usiogope ikiwa ni ya kitambo. Bora iwe na tundu la kebo ya mwanga, ile ya optical, au HDMI yenye maandishi ARC. Kebo ya optical inabeba 5.1 ya Dolby Digital bila shida. Nenda Luthuli ukiwa na simu yenye nyimbo unazozijua vizuri, mwambie muuzaji acheze kila spika peke yake, na usilipe mpaka usikie zote. Skiza kama kuna kukwaruza ukiongeza sauti polepole.

Kama doo ni kidogo, nunua spika tatu za mbele na wufa, basi. Za nyuma utaongeza baadaye. Spika tatu nzuri zinashinda tano mbovu kila siku, na hapo sibembelezi mtu.

Kuziweka ni bure lakini watu wengi hukosea hapo. Kama unakaa mita 2 kutoka kwa TV, spika ya kushoto na ya kulia ziachane karibu mita 2 pia, ziwe urefu wa masikio yako ukiwa umekaa, na zikuangalie wewe, si ukuta wa jirani. Ya kati ikae chini au juu ya TV, imeinamishwa kidogo ielekee usoni mwako. Zile za nyuma zikae kando yako na nyuma kidogo tu. Kuzipigilia misumari kwa kona za dari ni mambo ya baa.

Wufa usiiweke kwa kona. Kona huongeza besi mpaka ikawa tope. Na kwa ploti, besi hupita kwa slabu kama maji, kwa hivyo weka kipande cha godoro kuukuu chini yake. Haitazuia yote, lakini mama wa chini atakusalimia asubuhi. Ukipitisha saa nne usiku, tafuta kwa resiva kitu kinaitwa Night: inapandisha maongezi na kushusha milipuko.

Halafu piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukiskia mlio unarudi kama uko ndani ya choo cha shule, shida yako ni chumba, si spika. Tailsi, kuta tupu na dirisha kubwa hurusha sauti kila upande. Kapeti nene, pazia zito na kochi la kitambaa zitakusaidia kuliko kuongeza pesa kwa spika.

Kuhusu TV yenyewe sina mengi. Kwa inchi 43, ukikaa zaidi ya mita 2, macho ya kawaida hayatofautishi 1080p na 4K. Nunua ya saizi yako na usonge mbele.

Kompyuta ya ofisi iliyostaafu

Seva ni neno linatisha watu bure. Ni kompyuta tu inayokaa kwa kona, imebeba muvi, vipindi, ngoma na picha zako zote, na inazipeleka kwa TV, simu au laptopu yoyote hapo ndani ya nyumba. Mbogi ikikuja, hakuna mambo ya kutafuta flash.

Hauhitaji mashine mpya. Tafuta zile kompyuta ndogo za ofisi, saizi ya kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Kampuni huko majuu huzitupa kila baada ya miaka michache na zinatua hapa zikiwa bado na nguvu.

Kitu kimoja tu uangalie: kizazi cha prosesa. Ikiandikwa i5-7500T, ile 7 ni kizazi cha saba. i5-8500T ni cha nane. Kaa kuanzia kizazi cha saba kwenda juu. Sababu ni hii: faili nyingi siku hizi zimebanwa kwa H.265 ya biti 10, na kuna simu na TV za kitambo haziwezi kuifungua. Hapo seva inalazimika kuibadilisha papo hapo ukiendelea kuona. Prosesa ikifanya hiyo kazi kwa nguvu zake tu, itatoka jasho na picha itakwama. Intel za kizazi cha saba na kuendelea ziko na sehemu maalum ndani inaitwa Quick Sync, inayoifanya bila stress. RAM ya GB 8 inatosha kabisa.

Na stima? Mashine kama hizi zikiwa zimetulia hula kama wati 15. Piga hesabu: wati 15 kwa masaa 24 ni uniti 0.36 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi. Si kitu ya kukufanya ugombane na tokeni.

Programu ninayotumia ni Jellyfin. Ni ya bure, haitaki akaunti wala kadi ya benki. Ilizaliwa 2018, wakati Emby ilifunga msimbo wake na watu wakaamua kuendeleza ule uliokuwa wazi. Plex ni tamu na rahisi kuanza nayo, sikatai, lakini kutumia hiyo Quick Sync lazima ulipie. Kwa Jellyfin hiyo ni bure.

Panga faili vizuri kutoka siku ya kwanza. Folda ya muvi iwe moja, ya vipindi iwe nyingine, na kila muvi iandikwe jina na mwaka, kama Sintel (2010). Ukifanya hivyo Jellyfin italeta posta na maelezo yenyewe. Ukiacha majina kama "muvi mpya final 2", utajipanga mwenyewe.

Ile kitu wasee wengi hawajui: kuona muvi kutoka kwa seva yako hakuli bando. Data inatembea ndani ya nyumba tu, kutoka seva hadi rauta hadi TV. WiFi ya mtaa ikikatika, wewe unaendelea. Lakini kwa ploti yenye rauta ishirini zote zinapigania 2.4 GHz, WiFi itakusumbua. Vuta waya wa Cat 6 kutoka seva hadi rauta, na mwingine hadi TV kama utafika. Ni kazi ya jioni moja, na ile alama ya kuzunguka katikati ya skrini utaisahau.

Za kujaza? DVD zako za kitambo unaweza kuzihamisha. Video za familia. Unaweza pia kuchomeka tuna ya DVB-T2 ya USB na antena, urekodi stesheni za bure za hapa ndani uone ukirudi job. Na kama unataka kupima mtambo, Big Buck Bunny na Sintel zilitolewa bure na watu wa Blender, na picha zake ni kali. Yule jamaa wa kukujazia flash kwa finje, hiyo ni kazi ya mtu anauza bila ruhusa, na mara nyingi sauti yenyewe ni stereo ya kuvunjika. Haitakufanya uskie hata hizo spika umenunua.

Usiku ule stima ilirudi vibaya

Sasa ile stori ya diski. Nilikuwa na moja tu, ya TB 2. Muvi zote hapo, na pia video tulizomchukua shosho siku alifikisha miaka 80, akituambia vile alikuwa akitembea na maziwa mpaka sokoni kabla jua litoke. Kama dakika 40 hivi. Nilizihamisha kutoka kwa simu ili nipate nafasi, nikazifuta kwa simu.

Siku moja saa mbili usiku stima ikapotea. Ikarudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe, ikapotea tena. Asubuhi diski inalia tik, tik, tik. Fundi aliishika tu akatingisha kichwa, akasema hiyo ni ya kupelekwa maabara, na bei aliyonitajia ilikuwa zaidi ya seva yote. Muvi nilizirudisha polepole. Shosho alikuwa ameshatuacha miezi minne.

Kwa hivyo skiza. TV na resiva ziweke kwa TV guard, ile inayosubiri kidogo stima ikirudi kabla ya kuziwasha. Seva na rauta ziweke kwa UPS ndogo. Si ya kumalizia muvi, ni ya kuipa seva dakika chache ijizime kwa heshima. Chomeka ile waya ya USB ya UPS kwa seva, weka programu ya bure inaitwa NUT, na itajizima hata kama haupo. Wufa isikaribie UPS hiyo. Itaimaliza.

Pili, kuna mtu atakuambia uweke diski mbili zinazoigana, RAID, uko salama. Hapana. Hiyo inakusaidia diski moja ikichoka. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kote. Stima ikichoma, inachoma zote, kwa sababu ziko boksi moja. Nakala ya akiba ni ile iko mbali na mashine: nakala tatu za kitu, kwa vifaa viwili tofauti, na moja iko nje ya nyumba. Si kwa muvi zote, utafilisika. Fanya hivyo kwa zile vitu hazipatikani tena. Diski moja ndogo kwa droo, ingine kwa siz wako Rongai, mnabadilishana kila mkikutana.

Tatu, ukinunua diski ya mkono wa pili, ichomeke hapo hapo dukani na uifungue na CrystalDiskInfo. Angalia masaa imefanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzima ni masaa 8,760, kwa hivyo ikisoma 40,000, hiyo imekesha miaka minne na nusu. Ikionyesha rangi ya manjano au nyekundu, rudisha. Na flash ya TB 2 kwa thao moja haipo duniani. Mimi niliuziwa moja kwa duka fulani, ikajaa kwa GB 30 na zilizobaki zikaandikwa hewani. Programu ya bure ya H2testw itakuonyesha ukweli kabla ujaze kitu cha maana.

Krismasi iliyopita, binamu yangu wa Eldoret aligundua kuwa kipande kimoja cha ile video kilikuwa kimebaki kwa WhatsApp yake. Dakika tatu, picha imebanwa mpaka sura ni ukungu. Nimekiweka kwa seva, kwa droo, na kwa siz. Picha haisaidiki, lakini kwa ile spika ya kati, kila neno la shosho linaskika.