Antibrui juu ya masikio ya mutoto

Kwetu Kolwezi, mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 kila mutu anaifurahia. Vumbi inalala, bamama wanatoa mabeseni nje. Lakini miaka mitatu iliyopita, mvua ile ilipoanza kupiga juu ya mabati yetu, kijana wangu wa miaka mitano alitupa sahani, akapiga kichwa ukutani, kisha akatoka mbio mpaka barabara kubwa ambako malori ya mine yanapita. Derva mumoja alikanyaga breki akasimama hatua mbili mbele yake. Nilimufikia, nikamupiga. Nasema wazi: nilimupiga, mbele ya kartie yote. Nilifikiri ni kiburi.

Miezi michache kisha, munganga wa watoto wa Lubumbashi alitupatia jina la jambo hili: otisimu, ile wandugu wa Tanzania wanaita usonji. Kwanza alipima masikio, juu kijana alikuwa hajasema neno, na tukimuita jina hageuki. Masikio yalikuwa mazima. "Baba," alisema, "masikio hayana shida. Ni ubongo ndio haupunguzi sauti. Mvua juu ya mabati, kwake ni kama unasimama kando ya mashini ya kutoboa mawe bila kitu chochote kwenye masikio."

Mimi ni delege wa sindika. Miaka mingi nimesimama mbele ya wakubwa nikidai kwamba mufanyakazi asiachwe fasi yenye makelele ya desibeli 85 na zaidi bila kujikinga. Hata siku moja sijamwambia mutu wa kutoboa mawe "zoea tu". Kumbe mutoto wangu ndivyo nilivyomwambia, na fimbo juu.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1943, munganga Leo Kanner, kule Baltimore Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na tayari aliona kwamba makelele ya mashini ya kunyonya vumbi na vitu vingine vya nyumbani yaliwatia hofu kubwa. Lakini ni mwaka 2013 tu kitabu ambacho waganga wa akili wa Marekani wanatumia kutambua magonjwa kiliingiza neno hili la kuhisi kupita kiasi, ao kuhisi kidogo sana, kati ya alama za otisimu. Basi kama wewe muzazi hukujua, usione haya.

Nilirudi kazini nikalomba magazinie antibrui moja, vile vikombe viwili vya plastiki vya kufunika masikio, iliyokuwa imetolewa kwenye hesabu. (Nilisaini karatasi. Delege akiiba kifaa cha kujikinga, wapinzani wake watacheza ngoma.) Ilikuwa kubwa kwa kichwa cha mutoto. Muke wangu alishona kipande cha sponji juu, ikashika. Siku ya kwanza kijana aliitupa ndani ya maji ya vyombo. Hatukumulazimisha. Niliivaa mimi mwenyewe nikila bukari, dada zake wakacheka, kila mumoja akaijaribu, kisha tukaiacha juu ya kiti. Wiki ya tatu aliichukua mwenyewe, saa ile ya kulipua baruti ambapo madirisha yanatetemeka. Alikaa chini, akasikiliza ukimya wake. Hakulia.

Munganga alituonya jambo moja: isivaliwe siku nzima. Masikio yakizoea ukimya, sauti ndogo nayo inaanza kuumiza. Kwetu ni ya mvua, ya baruti, ya mashini ya kusaga mahindi kwa jirani, na ya ibada ikiwa na vipaza sauti. Ikipita, inavuliwa. Kitanda chake tulikihamisha chumba cha katikati, tukatundika plafon ya magunia na karto chini ya mabati. Makelele yanapungua, hayaishi. Karto inawaka upesi, kwa hiyo mule ndani hakuna mushumaa wala taa ya mafuta.

Kisha tulifahamu kwamba masikio ni mulango mumoja tu. Nguo ya masomo ilituletea vita kila asubuhi. Kitambaa kipya, kigumu kama karatasi, na ile alama ya kiwanda kwenye shingo. Mwalimu alisema mutoto ni muchafu juu anavua shati ndani ya kalasi. Sasa muke wangu anafua nguo mpya mara tano sita mbele ya kuvaliwa, anakata ile alama mpaka mwisho bila kuacha kipande, na soksi tunamuvalisha upande wa ndani nje, ili ile mushono isikae juu ya vidole. Watu wakiiona wanacheka. Wacheke.

Nywele: mashini ya kinyozi inanguruma karibu na sikio na inatetemesha kichwa, kwa hiyo tunakata na mukasi, siku ya mungu muchana, upande mumoja leo na upande wa pili kesho. Mutoto anatembea na nusu kichwa, hakuna sheria inayokataza. Ampuli inayopepesa tuliitoa.

Na mimi? Mimi nilikuwa sehemu ya shida. Nikitoka posti na ile salopeti yenye harufu ya mazuti na moshi wa baruti, nilikuwa namukumbatia, anarudi nyuma na kutapika. Nililia siku ile, nikidhani mutoto ananichukia. Sasa navua nguo za kazi nje, nanawa, naingia. Na vumbi ya mine haifai kuingia nyumbani hata kwa watoto wengine, hili tunalisema kila mukutano na watu hawasikii.

Kuguswa nako ni ajabu. Ukimupapasa polepole, anaruka kama ameungua. Ukimukumbatia kwa nguvu, anatulia. Mwanamuke mumoja wa Marekani mwenye otisimu, Temple Grandin, mwalimu wa chuo kikuu katika mambo ya mifugo, alipokuwa kijana aliona namna ngombe wanavyotulia wakibanwa kati ya mbao mbili mbele ya kuchomwa sindano. Akajitengenezea mashini ya kujibana mwenyewe. Sisi hatuna mashini. Tuna kitenge na blanketi. Tunamufunga kama mukate ndani ya karatasi, kichwa na uso wazi, mikono isikazwe, na aweze kutoka mwenyewe wakati anataka. Hiyo ya mwisho ndiyo inatenganisha kumutuliza na kumufunga kamba.

Kazi ya nguvu inamusaidia pia. Kubeba bidoni ndogo ya maji, kukanda unga wa mikate, kusukuma baiskeli yangu. Dada yake anasema: "Papa, akibeba maji asubuhi, kwa masomo anakaa muzuri." Ni kweli. Na tairi ya zamani chini ya muembe, iliyofungwa na kamba mbili, imetuletea amani kupita dawa zote tulizouziwa.

Lakini kuna upande mwingine, na huo unaniogopesha zaidi. Mwili uleule unaosikia mvua kama baruti, unaweza usisikie moto. Kijana aliweka mukono juu ya mbabula, akauacha. Tulijua kwa harufu. Tangu siku ile mbabula inakaa ndani ya uzio wa matofali, na mutu mukubwa hatoki karibu. Na mutoto wa namna hii akibadilika gafula, anapiga kichwa ama anakataa chakula chote, tafuta kwanza maumivu: jino, sikio, tumbo, malaria. Hana maneno ya kukuambia "Mama, naumwa".

Kuhusu chakula sitasema mengi. Anakula bukari kavu na yai. Sombe hapana, juu ya nyuzi zake. Tunaweka sombe kidogo kwenye sahani nyingine kando, bila kumulazimisha. Mwaka huu aliinusa. Ni hapo tumefika.

Jambo gumu kupita yote halikuwa makelele. Mama mukwe, ambaye ninamuheshimu, alileta neno la bulozi. Nilipokuwa posti ya usiku, mutoto alipelekwa kwenye chumba cha maombi, akakaa siku mbili bila kula, watu wanapaza sauti juu ya kichwa chake. Juu ya kichwa cha mutoto ambaye mvua inamuumiza! Muke wangu alimurudisha. Nilimukalisha mama chini, nikapiga magoti kama desturi inavyotaka, nikamwambia: "Mama, utusamehe, lakini mutoto huyu hatatoka tena nyumbani hivyo." Nilimusomea pia sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 ya kulinda mutoto: mwenye kushitaki mutoto kwamba ni mulozi anaweza kufungwa mwaka moja mpaka mitatu. Sikuisoma ili kumutisha mama. Niliisoma ili aweze kuwajibu wale waliomutuma. Leo ni yeye anajua kufunga kitenge kupita sisi wote.

Kwa wandugu wa posti: mabadiliko ya saa zetu yanawavuruga watoto hawa. Wiki hii baba analala muchana, wiki ijayo haonekani usiku. Nilichora juu ya karto siku saba, jua kwa posti ya muchana, mwezi kwa ya usiku, na kiatu cha kazi. Kila jioni anasogeza kifuniko cha chupa siku moja mbele. Kilio cha siku ya kubadilisha posti kimepungua kwa nusu, bila faranga moja.

Na kwa sindika: Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002 inamutaka mwajiri atunze mufanyakazi na familia yake wakiwa wagonjwa. Kwenye kliniki moja ya kampuni walinijibu kwamba "tabia ya mutoto si ugonjwa", wakanirudishia karatasi. Nimeipeleka kwenye mukutano wa madelege. Kama wewe nawe ulirudishiwa karatasi kama hiyo, usiitupe, ilete kwa delege wako. Karatasi moja ni ya baba mumoja. Karatasi kumi tunaziweka juu ya meza.

Nyumbani, mabati tumeyapigilia misumari upya, na antibrui ya pili, ndogo, inangoja juu ya kabati. Ile ya kwanza kijana anaikataa sasa. Mvua ikianza, ananiletea mimi niivae.