Vikoa Tanzu Kwenye Seva Moja: Ombi Lisilo na Mwenyewe Hupokelewa na Nani?

Chuo kina tovuti tatu: ya chuo chenyewe, ya maktaba na ya matokeo. Zote zimo kwenye seva moja ya kukodi, na kila moja ina jina lake: chuo.example, maktaba.chuo.example na matokeo.chuo.example. (Kikomo hicho cha .example kimetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano, hauziwi mtu.) Siku ya matokeo, baadhi ya wanafunzi wanafungua jina la matokeo na kuletewa orodha ya vitabu. Seva haijazimika, hakuna ujumbe wowote wa kosa, na fundi akijaribu kwenye kompyuta ya ofisini anaona mambo yote shwari.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinajulikana. Ili kukiona, inabidi kwanza tujue seva inavyotofautisha tovuti ambazo zote zinakaa kwenye anwani moja ya IP.

Ukiandika jina kwenye kivinjari, DNS ndiyo huulizwa kwanza, nayo hujibu kwa namba, yaani anwani ya seva. Majina yetu matatu yote hujibiwa namba ileile. Kivinjari kikishaipata hutuma ombi, ambalo likipunguzwa hadi mwisho hubaki na mistari miwili:

GET / HTTP/1.1
Host: matokeo.chuo.example

Mstari wa pili ndio wenye uamuzi. Ni kama barua ya mwanafunzi wa bweni: S.L.P. ni ya shule nzima, na jina lililoandikwa juu yake ndilo linalosema nani aitwe kuichukua.

Zamani mstari huo haukuwa wa lazima. Katika HTTP/1.0, iliyochapishwa 1996, kivinjari hakikulazimika kutaja jina, hivyo kila tovuti ilitaka anwani yake ya IP. Anwani za IPv4 kwa jumla ni kama bilioni 4.3 tu, na mwendo ule usingefika mbali. HTTP/1.1 ya 1997 ikaufanya mstari wa Host kuwa sharti. Ombi lisilo nao hurudishwa na kosa namba 400. Akiba kuu ya anwani za IPv4 duniani ilikwisha Februari 2011 hata hivyo, lakini huduma za bei nafuu za kuhifadhi tovuti, mamia kwenye seva moja, zinaishi kwa sababu ya mstari huo.

Kwenye seva yenyewe, kazi ni kuliandikia kila jina fungu lake la mipangilio. Natumia Nginx, programu iliyotolewa 2004 na Mrusi Igor Sysoev. Apache ina maneno mengine, mantiki ni hiyohiyo.

server {
    listen 80;
    server_name maktaba.chuo.example;
    root /var/www/maktaba;
    access_log /var/log/nginx/maktaba.log;
}

Neno server_name hulinganishwa na jina lililokuja kwenye Host, na root huonyesha folda yenye kurasa. Mstari wa mwisho wengi huuacha, na hapo ndipo wanapojiponza: muundo wa kawaida wa kumbukumbu za Nginx hauandiki jina la tovuti. Tovuti tatu zikichangia faili moja, siku ya tatizo hutajua ombi lipi lilikwenda wapi. Ukishahifadhi, endesha nginx -t ili maandishi yakaguliwe, kisha systemctl reload nginx. Kwa reload, walio katikati ya kusoma hawakatiziwi.

Tuwarudie wanafunzi wetu. Nginx ikipewa jina isilolijua haikatai. Hulikabidhi ombi kwa fungu lenye alama ya default_server, na kama halipo, kwa fungu lililosomwa kwanza. Zaidi ya hapo, na hili hata mafundi wazoefu huwapita, uchaguzi huo hufanywa upya kwa kila anwani na kila poti. Anayepokea wasiojulikana kwenye poti ya 80 hana habari na poti ya 443, na wa IPv4 hana habari na IPv6. Sasa tuseme fundi alinakili mfano mahali fulani, fungu la maktaba likapata mstari wa ziada, listen [::]:80, ambao ni wa IPv6, lakini mafungu mengine hayakuupata. Kama rekodi za DNS zina anwani ya IPv6, mwanafunzi ambaye mtandao wa simu yake unatumia IPv6 ataingia kwa mlango ambao maktaba iko peke yake. Aombe matokeo, asiombe, atapewa vitabu. Ofisini wanatumia IPv4, kwa hiyo fundi ataapa kwamba tovuti ni nzima.

Dawa ni kuandika fungu la wasiojulikana wewe mwenyewe, kabla hujaandika tovuti ya kwanza:

server {
    listen 80 default_server;
    listen [::]:80 default_server;
    return 444;
}

Namba 444 ni ya Nginx yenyewe: mawasiliano hukatwa bila jibu. Kwa poti ya 443, matoleo kuanzia 1.19.4 yana ssl_reject_handshake, inayokataa kabla hata ya kuonyesha cheti. Baada ya hapo, tovuti uliyoisahau itashindwa kufunguka waziwazi badala ya kuvaa sura ya jirani yake, na utapigiwa simu mapema. Kwangu mimi hili ndilo fungu muhimu kuliko yote kwenye seva, nalo ndilo lisiloandikwa.

HTTPS ilikuwa na mkasa wake. Mstari wa Host husafiri ndani ya mawasiliano yaliyofichwa, ilhali seva hutakiwa kuonyesha cheti kabla ya kuusoma. Sasa cheti cha nani? Jibu ni SNI, iliyosanifiwa 2003: kivinjari hutaja jina mwanzoni kabisa, nje ya bahasha. Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuijua, ndiyo maana wenye seva waliendelea kununua anwani za ziada kwa miaka mingi.

Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vilianza kupatikana kwa umma 2015, na mwaka 2018 vikaja vya nyota. Cheti cha *.chuo.example kinafunika matokeo.chuo.example, lakini hakifuniki chuo.example penyewe, wala jina lenye ngazi mbili kama kidato.matokeo.chuo.example. Kukipata lazima uthibitishe umiliki kwa rekodi ya DNS. Kina faida moja isiyosemwa sana: kila cheti huandikwa kwenye daftari la wazi, kwa hiyo ukiombea cheti jina kama majaribio.chuo.example, umeutangazia ulimwengu kwamba lipo; cheti cha nyota hakilitaji.

Wala usidhani kutenganisha majina ni kutenganisha usalama. Kwenye Debian na Ubuntu, tovuti zote kwa kawaida huendeshwa na mtumiaji mmoja, www-data. WordPress ya maktaba isiyosasishwa ikivunjwa, mvunjaji anaweza kusoma faili lenye nywila ya hifadhidata ya matokeo. Kila tovuti ya PHP ipewe mtumiaji wake. Na kama bajeti inaruhusu, matokeo ya mitihani yasikae hapo kabisa.

Hatimaye kuna majina yaliyokufa. Seva ya kukodi ukiirudisha, anwani yake hupewa mteja mwingine, na rekodi yako ya DNS itaendelea kumpelekea wageni wako. Huyo anaweza hata kuliombea jina lako cheti halali na akakipata. Fungua leo orodha ya rekodi za DNS za taasisi yako, ufute kila jina linaloelekea kwenye seva ambayo si yenu tena.