TIBA YA BCG KATIKA KIBOFU: HOMA ISIYOPASWA KUPUUZWA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa chanjo ya BCG, ambayo mtoto hudungwa mkononi baada ya kuzaliwa ili kumkinga na kifua kikuu, hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za kibofu cha mkojo. Tiba hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na Dk. Alvaro Morales na wenziwe wa Kanada.

Baada ya uvimbe kuondolewa na kidonda kupona, dawa hutiwa kibofuni kwa mpira mwembamba, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 6. Vijidudu hai vilivyodhoofishwa vilivyomo ndani yake huuamsha mwili upambane na saratani.

Isieleweke kuwa kila saratani ya kibofu hutibiwa hivyo. Kichocho cha mkojo, maradhi yanayojulikana Unguja na Pemba na vilevile mkoani Shinyanga, huweza kuleta saratani ya kibofu, lakini mara nyingi huwa ya aina nyingine isiyotibika kwa BCG.

Kuungua wakati wa haja ndogo na homa ndogo ya siku moja ni mambo ya kawaida baada ya tiba. Mara chache, hata hivyo, vijidudu hupenya katika damu na kushambulia mapafu, ini, korodani au mifupa ya uti wa mgongo. Katika taarifa ya wagonjwa 2,602 iliyochapishwa mwaka 1992, asilimia 95 hawakupata madhara makubwa. Mapafu au ini viliathirika kwa asilimia 0.7, na sumu ya maradhi ilienea katika damu kwa asilimia 0.4.

Hatari kubwa ni maradhi hayo kutotambuliwa, kwani huweza kuzuka miezi au hata miaka baadaye. Tuchukue mfano wa mtu aliyetibiwa hivyo, kisha akaenda kufanya kazi Bulyanhulu, wilayani Kahama. Akipata homa na kikohozi huko, tabibu atafikiria malaria, au kifua kikuu ambacho huwapata kwa wepesi wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe. Hata kipimo cha makohozi huenda kisipambanue vijidudu vya BCG na vile vya kifua kikuu cha kawaida. Lakini dawa zake hazilingani: pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu, haiviui vijidudu vya BCG. Daktari hutegemea rifampisini, isoniazidi na ethambutoli kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo, kila aliyepata tiba hii anashauriwa:

(a) Kuhifadhi cheti cha tiba na kukionyesha kwa kila tabibu, hata miaka ikipita.

(b) Kumweleza daktari kabla ya dawa kutiwa, iwapo mkojo una damu, ana kifua kikuu, au kinga ya mwili imepungua.

(c) Kwenda hospitali upesi akipata homa kali, homa ya zaidi ya siku 2, jasho la usiku, kikohozi, macho ya manjano au maumivu ya mgongo.

Asione haya kuyataja maradhi ya kibofu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.