Kipi Kitaisha Kwanza Kwenye Sufuria ya Sabuni?

Mtengeneza sabuni amepima kilo moja ya mafuta ya nazi na gramu 200 za kostiki soda. Kipi kitaisha kwanza? Wengi watasema kostiki, kwa kuwa ndiyo kidogo. Sivyo. Yatakayoisha ni mafuta, na kostiki itakayosalia ndani ya mche itamchubua atakayeuogea.

Kosa ni kuiamini mizani peke yake. Kemikali hukutana kwa idadi ya molekuli, si kwa gramu. Molekuli hazihesabiki moja moja, kwa hiyo wanakemia huzihesabu kwa mafungu yaitwayo moli, kama muuza mayai anavyohesabu kwa trei. Trei ya mayai ya kware ni nyepesi kuliko ya mayai ya kuku, ingawa idadi ni ileile. Vivyo hivyo, moli moja ya kostiki ina gramu 40, ilhali ya mafuta ya nazi ina wastani wa gramu 655 hivi.

Sasa tupige hesabu. Mafuta: 1000 gawanya kwa 655, ni moli 1.53. Kostiki: 200 gawanya kwa 40, ni moli 5. Usilinganishe bado. Kila molekuli ya mafuta ina minyororo mitatu ya asidi, na kila mnyororo unadai kostiki yake ili ugeuke sabuni. Basi gawanya 5 kwa 3, upate 1.67. Namba ndogo ndiyo ya kitendanishi kikomo, yaani kile kinachoisha kwanza na kuusimamisha mmenyuko. Hapa ni 1.53: mafuta. Yanahitaji gramu 183 tu za kostiki. 17 zinabaki bila kazi.

Ndiyo maana mafundi hupunguza kostiki makusudi, kwa asilimia 5 hivi. Ukitia gramu 174, hesabu inatoa 1.45, na sasa kostiki ndiyo kikomo. Yanayobaki ni mafuta, takriban gramu 50, ambayo hulainisha ngozi.

Lakini usiazime kipimo hicho kwa mawese. Minyororo yake ni mirefu zaidi, hivyo kilo moja ina moli chache na hutosheka na gramu 142 hivi za kostiki. Zile 174 zilizokuwa salama kwenye nazi zitaacha ziada ya gramu 32, na sabuni itarudi kuchubua.