Faida iliyolala kwenye marudio

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, anayetajirika si lazima awe mwenye shimo. Mchimbaji hupeleka mawe karashani, yakasagwa, yakaoshwa mwaloni na kuchanganywa na zebaki. Zebaki hunasa chembe kubwa tu, na mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki mchangani. Mchanga huo ndio marudio, na sehemu nyingi mwenye karasha huyabakiza kwake yawe sehemu ya malipo ya kusaga. Mchimbaji anaondoka na kipande chake kidogo. Mali iliyobaki inahamia kwa mwenye mtambo wa sayanaidi.

Hapo marudio hujazwa kwenye matangi ya zege na kuchanganywa na chokaa hadi pH ipite 10. Atakayebania chokaa anacheza na roho za watu, maana pH ikishuka sayanaidi hugeuka gesi inayoua. Kisha maji yenye sayanaidi kidogo, mara nyingi chini ya gramu moja kwa lita, hupitishwa kwenye mchanga kwa siku kadhaa, hata wiki. Yakisaidiwa na oksijeni ya hewani, huyeyusha dhahabu pamoja na fedha, ingawa fedha huyeyuka polepole zaidi. Maji hayo hupita kwenye kaboni, ambayo ni mkaa maalumu wa vifuu vya nazi, na madini hung'ang'ania humo. Kaboni iliyoshiba huoshwa kwa dawa ya moto, umeme huyatoa madini, kisha kazi huishia kwenye tanuru. Palipochenjuliwa vizuri, hata asilimia 90 ya dhahabu hupatikana.

Mbinu ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi ilibuniwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest. Miaka michache baadaye iliiokoa Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako mawe ya kina kirefu yalikuwa yameishinda zebaki.

Hatari yake haifichiki. Januari 2000, bwawa la mgodi wa Baia Mare, Romania, lilipasuka, na maji yenye sayanaidi yakaua samaki hadi mto Tisza na kuingia Danube. Kwetu ninaogopa zaidi jambo la kimyakimya: kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo bado yana zebaki. Sayanaidi huiyeyusha zebaki nayo, ikasafiri na maji hadi visimani na mitoni. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaiweka desturi hii miongoni mwa zile mbaya kabisa zinazopaswa kukomeshwa. Na bado ndiyo desturi iliyozoeleka.

Njia nyingine ipo. Vituo vya mfano vya STAMICO, shirika la madini la taifa, pale Lwamgasa, Katente na Itumbi vilijengwa ili mchimbaji mdogo achenjue bila zebaki. Kinachokwamisha ni malipo. Mchimbaji anaikimbilia zebaki kwa sababu inampa pesa jioni ileile, wakati tangi linamtaka asubiri, tena awe na tani nyingi. Vikundi vikikusanya mawe pamoja, mzigo ukapimwa kwenye mizani, sampuli ikaenda maabara na mwenye mtambo akatoa malipo ya awali kwa kipimo hicho, mchimbaji hatakuwa na haja ya kuigusa zebaki, na dhahabu iliyokuwa ikibaki kwenye marudio italipwa kwa thamani yake badala ya kuachwa kwa mwenye karasha.