Kwa nini tunafurahia kucheka muvi mbovu?

Maiti imelazwa sebuleni, ndugu wanalia, halafu maiti inameza mate. Au steringi kapigwa risasi mguu wa kulia, na dakika mbili baadaye anachechemea mguu wa kushoto. Mtu mmoja anasema, "Jamani, mmeona?" Kuanzia hapo hakuna anayefuatilia hadithi tena. Watu wanawinda makosa, na wanacheka kuliko ambavyo wangecheka kwenye muvi ya vichekesho.

Tulipozungumzia jambo hili kwenye kipindi cha jioni, wasikilizaji wengi waliuliza swali moja: kama muvi ni mbovu, kwa nini hatuizimi? Haya hapa maelezo, kwa mliotaka kuyasoma kwa utulivu.

Bidii ndiyo inayochekesha

Si kila muvi mbovu inachekesha. Inayochosha tunaizima, tunalala. Inayochekesha ni ile ambayo mtengenezaji alijitahidi kwa moyo wote, akataka tulie au tuogope, na mambo yakamgeukia. Tunacheka tukiona alikotaka kufika na alikoangukia. Ndiyo maana muvi iliyoharibiwa makusudi ili tucheke huishiwa utamu haraka.

Mfano unaojulikana duniani ni The Room, muvi ya Marekani ya mwaka 2003. Tommy Wiseau aliiandika, akaiongoza na kuigiza yeye mwenyewe kama steringi. Alikusudia mkasa mzito wa mapenzi na usaliti. Watazamaji waliona mazungumzo yasiyoungana, na sebuleni picha ya kijiko iliyowekwa kwenye fremu, bila maelezo yoyote. Hadi leo kuna kumbi za sinema zinazoionyesha usiku. Watu huja na vijiko vya plastiki, na picha ile ikitokea wanavirusha huku wakipiga kelele. Wiseau mwenyewe amekuwa akihudhuria maonyesho hayo na kupiga picha na mashabiki.

Angalia hapo: watu hawakai kila mmoja kwake. Kucheka muvi mbovu ni starehe ya kundi. Ukiwa peke yako unaona kosa, ukiwa na wenzako unapata mchezo.

Kibanda umiza kilianza zamani

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaujua mchezo huo. Mabati, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, runinga moja kwa watu hamsini. Muvi ilikuwa ya Kichina, Kihindi au Kimarekani, na wengi wetu hatukuielewa lugha. Ndipo wakaja watafsiri. Hapa Tanzania, Lufufu alipata jina kubwa kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili kwenye muvi hizo. Kenya wanaye DJ Afro.

Hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walimpa adui jina la mtaani, walimsuta steringi mwoga, waliongeza maneno ambayo hayakuwemo kabisa. Muvi dhaifu iliponea midomoni mwao.

Uganda kumbi hizo zinaitwa bibanda, na msimuliaji anaitwa VJ. Huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Gharama inayotajwa ni chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa na mafundi wa mtaani, na helikopta zinazolipua majengo zimechorwa kwa kompyuta. Muvi inauliza nani alimuua Kapteni Alex, na inaisha bila kujibu! Toleo lililoenea kwenye intaneti lina sauti ya VJ Emmie, anayetania kila tukio tangu mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuidhalilisha muvi hiyo, maana imeshajicheka yenyewe. Watu wa nchi za mbali wameipenda, na Wakaliga wanaendelea kutengeneza nyingine.

Mpaka uko wapi?

Marekani kuna tuzo za Razzie, zinazotolewa tangu mwaka 1981 kwa muvi na waigizaji waliofanya vibaya kuliko wote. Mwaka 2005 Halle Berry alikwenda mwenyewe ukumbini kuipokea yake, akajicheka, na ukumbi ukampenda. Lakini mwaka 2023 waandaaji walimweka kwenye orodha msichana wa miaka 12. Watu walikasirika. Waandaaji walimwondoa, wakaomba radhi, wakaweka sharti kwamba aliye chini ya miaka 18 hatatajwa tena.

Siwezi kuwanyooshea kidole. Miaka michache iliyopita, kwenye kipindi changu, tulicheka muvi ya vijana wa mkoa wetu. Tulicheka taa, tulicheka damu iliyofanana na sharubati, na wasikilizaji walifurahi. Kisha nikaiga sauti ya binti mmoja aliyesema maneno yake kwa kukatakata. Nilirudia mara tatu. Kesho yake kijana aliyeitengeneza alinipigia. "Kaka, muvi icheke, sisi tulicheka pia. Yule dada ana kigugumizi. Alifanya mazoezi wiki nzima ili aseme sentensi ile." Nilimpigia binti kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini hakuigiza tena.

Tangu siku hiyo nafikiria watani. Mtani anaweza kufika msibani akaigiza mwendo wa marehemu, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeteka maji, anayepasua kuni, anayekesha na wafiwa. Anacheka akiwa ndani ya familia. Mgeni akijaribu maneno yale yale, anafukuzwa.

Kwa hiyo kwenye kipindi chetu tuna utaratibu. Tunacheka kazi: taa, sauti, hadithi, maiti inayopumua. Hatuchezi na mwili wa mtu, ulemavu wake wala namna Mungu alivyomuumba. Watoto hatuwagusi. Muvi za hapa kwetu tunazinunua kabla ya kuzicheka, hatuzichukui kwenye kadi za kunakili, na tunamwalika mtengenezaji aje kucheka nasi. Wengine hukataa, na hapo tunanyamaza.

Jumamosi ijayo yule kijana atakuwa nasi studio na muvi yake mpya. Ameniambia ina kosa moja kubwa kwenye tukio la mtoni, na hataki kunitajia. Itazame kwanza, kisha utupigie kabla sijaliona.